Pamba picha, usifute sura

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo karibu sote tunalifanya kila siku bila ya kulifikiria sana, nalo ni kupiga picha kwa simu na kuzitengeneza kwa programu za humo humo ndani ya simu.

Siku ya pili ya Sikukuu ya Idi, mwaka 2021, picha iliingia katika kundi la familia yetu la WhatsApp. Ilitoka Unguja, kwa mdogo wangu, mtoto wa ami yangu. Aliandika: "Nimempamba bibi, mnaonaje?" Bibi alikuwa amekaa barazani na kanga zake mpya. Lakini uso ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga, makunyanzi yote yameondoka, na ile alama yake nyeusi ya shavuni, ambayo sote tuliichezea utotoni tulipopakatwa, haikuwepo. Sisi wa ughaibuni tukajibu "Mashaallah" mmoja baada ya mwengine.

Bibi mwenyewe alipoonyeshwa aliuliza: "Mtoto wa nani huyu?" Akaambiwa, "Bibi, ni wewe huyo." Akaitazama tena, akasema: "Basi na alama yangu ya shavuni kaichukua nani?" Tulicheka sana.

Miezi saba baadaye bibi alitangulia mbele ya haki. Tulipotaka picha yake ya mwisho ya Idi, ile ya asili haikupatikana. Programu aliyoitumia mdogo wangu ilihifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, na baadaye simu ilipojaa akafuta kila kitu. Kilichobaki ni ile iliyopita WhatsApp, ndogo, yenye sura ambayo mwenyewe aliikana. Wanetu waliozaliwa hapa Oman wanamjua bibi yao mkuu kwa sura hiyo.

Sisemi haya kumlaumu kijana. Alifanya kwa mapenzi, na mimi mwenyewe nimeshafanya kama yeye mara nyingi. Nataka tujue tofauti ya kuipamba picha na kuifuta sura ya mtu.

SANAA HII SI NGENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba kuchezea picha kumeletwa na simu. Si kweli. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa na studio yake, Bakor Studio, na alikuwa fundi wa kukata picha kwa mkasi, kuzipanga na kuzipiga upya, hata mtu akaonekana ndani ya mambo ambayo hayawezi kuwa. Na wapiga picha wa Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, walikuwa wakitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Mteja akisimama mbele yake alikuwa amesafiri bila ya kuvuka kivuko.

Hakuna aliyedanganywa pale. Mteja ndiye aliyechagua pazia, na uso wake ulibaki kuwa uso wake. Isitoshe, negativu ilibaki kwa mwenye studio. Studio ya Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imewawezesha watu wa leo kuiona Zanzibar ya zamani kwa sababu akiba yake ya picha ilitunzwa. Simu haina negativu. Ukihifadhi juu ya picha ya asili, umeichoma.

SIMU ILIVYOKUWA STUDIO

Instagram ilianza Oktoba 2010, na filta zake zikawafundisha mamilioni ya watu kwamba picha ya kawaida inaweza kubadilika kwa kugusa mara moja. Mwaka huo huo gazeti la New York Times lilichapisha ukurasa wa mbele picha za askari wa Marekani nchini Afghanistan, zilizopigwa na Damon Winter kwa simu yenye programu ya Hipstamatic. Mwaka 2011 picha hizo zilipata tuzo, na wapiga picha wakagombana: je, rangi zilizotiwa na programu zinafaa katika habari?

Mwaka 2011 pia ndipo ilipotoka Snapseed, ambayo Google iliinunua pamoja na kampuni iliyoitengeneza mwaka 2012, na hadi leo hailipiwi. Kisha mwaka 2016 ikaja Prisma, inayoigeuza picha yako ikawa kama imechorwa kwa brashi. Nyuma yake kuna kazi ya watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliyoitoa mwaka 2015, walioonyesha kwamba kompyuta inaweza kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvisha picha nyengine. Mdundo wa mwaka huu si wa mwaka jana, lakini mlango ulifunguliwa hapo.

RANGI YA NGOZI

Tatizo la bibi yangu lina historia ndefu. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Akitoka vizuri yeye, mashine iko sawa. Mtu mweusi akitoka kama kivuli chenye meno, hilo halikuhesabiwa kuwa kosa la mashine. Katika miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Programu za simu zilirithi ugonjwa huo. Mwaka 2017 FaceApp ilileta filta ya kumfanya mtu apendeze zaidi, na watu wakagundua kwamba inawafanya weusi wawe weupe. Mwenye kampuni aliomba radhi, akasema chanzo ni picha ambazo kompyuta ilifundishwa nazo. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mpango iliouita Real Tone, uliokusudiwa kuzionyesha ngozi nyeusi kama zilivyo. Ni hatua njema, lakini wengi wetu hatuna simu hiyo, na kitufe cha "urembo" katika simu nyingi hulainisha na kung'arisha hata kabla hujapiga. Kitafute, ukizime.

YA KUFANYA

Kwanza, mwanga. Kamera ya simu hutafuta mwanga wa wastani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa giza. Mgeuzie dirishani au mlangoni, mwanga umjie ubavuni. Gusa uso wake kwenye skrini, na katika simu nyingi itatokea alama ya jua. Ipandishe au ishushe mpaka uso uonekane sawasawa. Dakika moja hapa inakuokoa na saa nzima ya kutengeneza baadaye.

Pili, fanya kazi juu ya nakala. Ukimaliza, chagua kuhifadhi nakala mpya, usikubali picha ibadilishwe juu kwa juu. Snapseed ina orodha ya hatua ulizopita, unaweza kurudi nyuma na kuifuta moja tu iliyoharibu.

Tatu, anza na yaliyo madogo. Nyoosha picha iliyoinama, kata pembeni pasipo na maana, kisha inua sehemu za giza kidogo. Ukitaka uso tu, tumia kifaa kinachogusa sehemu moja badala ya kuangaza picha nzima. Ukali wa rangi uongeze taratibu. Kanga ikianza kuwaka kama taa, umepitiliza.

Nne, ukitaka sanaa kamili, fanya na ujulikane. Igeuze picha ya bandari ya Maskati iwe mchoro, mtie rafiki yako juu ya mwezi, tia nyeusi na nyeupe. Hiyo ni haki yako kama ilivyokuwa ya Bakor. Lakini chombo cha kufuta madoa kipitishe kwenye chunusi ya jana, usikipitishe kwenye kovu wala alama ya kuzaliwa bila ya kumuuliza mwenyewe.

Tano, WhatsApp hubana picha. Ukitaka ndugu wapate picha yenyewe, itume kama waraka, na uweke akiba mahali pengine nje ya simu.

Tukirudi kwa bibi. Mwaka jana shangazi alituma video ya zamani aliyoikuta katika simu mbovu: bibi anachambua mchele, anazungumza na jirani. Tuliisimamisha mahali alipoinua uso, tukachukua picha moja. Ilikuwa na giza. Niliinua mwanga wa uso peke yake, nikakata pembeni, nikaacha hapo. Alama ya shavuni ikaonekana. Nilipoituma katika kundi, mdogo wangu aliandika neno moja tu: "Ndiye."

Basi ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kwenda nyumbani, au ukimpata mzee wako kwenye simu ya video, mpige picha. Ipambe utakavyo. Lakini ile ya kwanza, ya makunyanzi na alama zake, iweke pema. Wajukuu wataihitaji.