HEWA YA KWENDA, HEWA YA KURUDI

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Leo tutafanya hesabu ya kugawanya kwa tatu, lakini hatutagawanya mahindi wala fedha. Tutagawanya hewa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: chemchemi, mzamiaji, theluthi. Theluthi ni fungu moja la kitu kilichogawanywa mafungu matatu yaliyo sawa.

Sasa sikilizeni. Kusini mwa nchi ya Marekani liko jimbo liitwalo Florida. Chini ya udongo wake kuna mawe ya chokaa. Maji ya mvua yapenyapo ardhini hupata ukali kidogo, na ukali huo huyala mawe polepole, kwa maelfu ya miaka, hata yakafanyika mapango na njia ndefu zilizojaa maji. Mahali maji hayo yanapotokea juu pana chemchemi. Florida ina chemchemi zaidi ya 1,000, na maji ya nyingi kati yake ni maangavu kama kioo.

Watu hupenda kuzama humo ili watazame. Mzamiaji hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, naye huivuta kwa kifaa kilicho mdomoni. Kifaa cha namna hiyo kilichoenea duniani kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan.

Je, hatari iko wapi? Baharini, mzamiaji akiishiwa na hewa huweza kujaribu kupanda juu moja kwa moja. Pangoni hawezi, kwa kuwa juu ya kichwa chake pana mwamba. Hana budi kurudi mpaka mlangoni. Tena, sakafuni mwa pango mara nyingi pana udongo laini kama unga. Akiupiga kwa miguu, hutimka, na maji yaliyokuwa maangavu huwa kama uji. Hata taa haisaidii.

Mamia ya watu wamekufa hivyo. Mzamiaji mmoja wa Florida, Sheck Exley, alichunguza vifo hivyo, na mwaka 1979 kikatoka kitabu chake kidogo juu ya jambo hilo. Aliona makosa matatu yakirudi tena na tena: watu hawakufunga kamba ya kuwaongoza mpaka nje, hawakubakiza hewa ya kutosha, na walizama mno. Baadaye yaliongezwa mambo mawili: kufundishwa kwanza, na kila mtu kuchukua taa tatu.

Kamba hufungwa mlangoni, nayo hufuata njia yote. Juu yake huwekwa vibao vidogo vyenye umbo la mshale, vikielekea nje. Maji yakichafuka, mzamiaji huvipapasa, akasoma njia kwa vidole vyake.

Sasa hesabu yetu. Tuseme kipimo cha mtungi kinaonyesha 210. Theluthi ya 210 ni 70. Mzamiaji hutumia 70 kwa kwenda. Kipimo kikifika 140, hugeuka, hata kama anaona mbele kuna kitu kizuri. Hutumia 70 kwa kurudi, akatoka na 70. Mtauliza, hiyo 70 ya mwisho ni ya nini? Ni ya mwenzake. Mtungi wa mwenzake ukiharibika pale mwisho wa safari, yeye amebakiwa na 140. Wagawane wawili: 70 kwako, 70 kwangu. Wanafika mlangoni, na mtungi ni mtupu. Kwa hiyo theluthi inatosha kwa shida tu, na wenye busara hugeuka mapema zaidi.

Kina nacho hula hewa. Katika kina cha mita 10, kila pumzi hutumia hewa mara mbili ya ile ya juu. Katika mita 30, mara nne.

Kwenye mapango mengi ya Florida kimewekwa kibao ndani ya maji, chenye picha ya kifo. Chamwamuru mzamiaji asiyefundishwa arudi, na kusema kwamba hata walimu wa kuzamia wamefia mapangoni. Pango moja la Ginnie Springs limetiwa vyuma ili mtu asiingie ndani zaidi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mtu asomaye kibao kisha akapita, kusoma kwake kumemfaa nini?

Tena, kufuata kanuni si kuondoa hatari yote. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994, akijaribu kufika kina kirefu mno katika shimo la maji la Zacatón, nchini Meksiko.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini mzamiaji aliye pangoni hawezi kupanda juu moja kwa moja?
2. Mtungi una 180. Mzamiaji ageuke kipimo kikionyesha ngapi?
3. Fungu la tatu la hewa ni la nani?

Zungumzeni pamoja, kisha kila mtu aandike majibu yake. Kwaherini mpaka somo lijalo.