Jeni Zilizogeuka Tarehe

Andika namba za simu za wanachama wa kikundi kwenye Excel. Ukihamia kisanduku kinachofuata, sifuri ya mbele ya 0712 imeshatoweka. Programu imeona tarakimu, ikadhani ni kiasi. Kwa mweka hazina hiyo ni kero tu, lakini maabarani imewaumiza wanasayansi kwa miaka mingi.

Binadamu ana jeni iliyoitwa SEPT2 na nyingine iliyoitwa MARCH1. Ziandike kwenye Excel, nazo zinageuka tarehe: 2-Sep, 1-Mar. Onyo hulioni. Kasoro hiyo ilishatangazwa mwaka 2004, ila mwaka 2016 Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta, watafiti wa Melbourne, walipekua mafaili yaliyoambatana na makala 3,597 za kisayansi. Makala 704, karibu moja katika kila tano, zilikuwa na majina yaliyoharibika. Anayeitafuta SEPT2 humo haipati, na hajui kwamba ilikuwamo. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikaamua kuyabadilisha: SEPTIN2, MARCHF1. Jeni za binadamu zimepewa majina mapya ili kuipisha programu ya ofisini!

Mwaka huohuo, nchini England, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu za kila siku. Faili la Excel la mtindo wa zamani hubeba mistari 65,536 tu, na iliyozidi iliachwa nje. Watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wa utafiti wajifunze lugha za programu, R au Python, mapema. Zote ni za bure. R ilianzishwa Auckland na wanatakwimu Ross Ihaka na Robert Gentleman, na kwa kuchambua madodoso naipendelea. Python inafaa zaidi pale uchambuzi unapounganishwa na mifumo mingine. Mabishano ya ipi bora yamepewa uzito kupita kiasi.

Nazo pia zinaweza kuila sifuri ya 0712 usipoziambia kwamba simu ni maandishi. Lakini amri hiyo unaiandika mara moja, inabaki kwenye faili la programu, na data ghafi haijaguswa. Mwenzako akishuku matokeo yako, atasoma kila hatua uliyopitia na kuirudia mwenyewe.