Kupunguza uzito Goma: vita na sahani, vita na maneno

Katika Goma, mutu akianza kukonda, jirani hamupongezi. Anamuuliza: «Uko mugonjwa? Ao pesa imekwisha?» Miaka ya vita na njaa imefundisha watu kuona mwili munene kama baraka. Swali hilo linavunja moyo kuliko njaa yenyewe.

Lakini mwenye tansiyo ao kisukari hawezi kungojea majirani wakubali. Hesabu ni hii: gawanya kilo zako kwa urefu wako, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mutu wa mita 1,60 mwenye kilo 80 anapata 31. Kwa Shirika la Afya Duniani, kuanzia 30 ni unene wa kupita kiasi. Huyo akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, tansiyo inaweza kushuka.

Hahitaji chakula cha bei kali. Sombe ibaki, ila mafuta ya mawese yapimwe: kijiko kikubwa kimoja kina kalori karibu 120, na nani anahesabu vijiko akimimina? Sambaza zichemshwe, zisikaangwe. Lengalenga ziongezwe, bugali akate nusu.

Ugumu uko kwenye sahani moja ya watu wote: hapo hakuna anayejua amekula kiasi gani. Afadhali ajipakulie yake, na aeleze watu wa nyumba sababu mapema. Nusu kilo hadi kilo moja kwa juma inatosha.

Anayetumia dawa za kisukari aone muganga kwanza. Akipunguza chakula na dawa ibaki ileile, sukari inaweza kuanguka ghafla.