Ukuta wa bwawa la samaki pembeni ya bustani: tutumie nini?

Wandugu, na ninyi wadogo wetu mungali kwenye masomo, mwaka wa kwanza kisha kupata lisansi yangu ya agronomi nilijenga bwawa la samaki katika parsele yetu hapa Kasongo. Lilikuwa lote juu ya ardhi, pembeni ya mistari ya lengalenga, maji karibu mita 1. Ukuta wa matofali mabichi, ndani nikapaka simenti kidogo. Pesa ilikuwa zamu yangu ya likelemba. Mvua ya tatu, usiku, ukuta ukalala chini. Asubuhi watoto wa majirani wanaokota tilapia zangu katikati ya mboga. Mama hakusema kitu, alitazama tu. Miaka yote ile ya shule, na sikuwa nimepiga hesabu hata moja!

Hesabu yenyewe njo hii. Wengi wanafikiri bwawa pana linasukuma ukuta kuliko bwawa dogo. Hapana. Upana hauna neno, kinachosukuma ni kina. Maji ya kina cha mita 1 yanasukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa uzito wa kilo 500 hivi. Maji ya sentimita 50, kilo 125 tu. Ukizidisha kina mara mbili, msukumo unazidi mara nne, na nguvu kubwa iko chini kabisa, pale ukuta unapokalia msingi. Kwa hiyo mbele ya kuuliza bei ya simenti, uliza kwanza maji yatakuwa na kina gani.

Tofali bichi linabeba nyumba vizuri, juu nyumba inalemea kutoka juu na paa linakinga mvua. Maji ya bwawa yanasukuma kwa ubavu, na ufa mdogo tu ukiingia kwenye simenti, tofali linarudia kuwa matope. Tofali la kuchoma njo lenyewe, hasa la udongo wa kichuguu. Lakini si kila tofali jekundu limeiva. Gonganisha mawili: lililoiva linalia kama chuma. Kisha lilaze ndani ya maji usiku mzima. Kama asubuhi kona zinamegeka, umurudishie muuzaji. (Tanuru linakula kuni nyingi, najua, na mimi agronomi inaniuma. Ndiyo sababu nyingine ya kujenga ukuta mfupi.)

Mawe ni mazuri kwa msingi. Kwa ukuta yanakula simenti nyingi katika nafasi zake. Mbao zinaoza, mchwa nao wanakuja, na yale mafuta machafu ya mota tunayopaka kufukuza mchwa yanaua samaki. Mabati pia muyaache: yamepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka ndani ya maji ni sumu kwa samaki. Bashi ni nzuri kwa mwenye pesa kidogo, lakini musikose kuelewa: bashi inazuia maji, haishiki ukuta. Ukiitandika, toa kwanza mawe na mizizi, na ufunike pembe zake na udongo, kwa sababu jua linaikausha mpaka inapasuka.

Sasa, kwetu Kasongo na Kabambare simenti inatoka mbali, na barabara mnazijua. Wakati wa mvua bei inapanda. Kwa hiyo bwawa langu la pili nililichimba nusu. Ni la mviringo, upana mita 3, maji sentimita 70: sentimita 40 ndani ya ardhi, 30 juu. Kule chini udongo wenyewe unasaidia kushika ukuta. Sehemu ya juu inasukumwa kwa kilo 45 tu kwa kila mita. Mviringo hauna kona, na kona ndizo zinapasuka mbele. Kati ya mistari ya matofali nilizungusha chuma cha milimita 6, mara mbili. Mifuko 9 ya simenti ilitosha, na sehemu kubwa ilienda kwenye sakafu na kwenye kupaka ndani: ndoo 1 ya simenti kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wenye udongo utawaletea nyufa. Na muzungushie uzio, watoto wadogo wanapanda ukuta mfupi kama ngazi.

Fundi akimaliza, musijaze samaki haraka. Mumwagie ukuta maji kila siku kwa juma zima, usikauke. Kisha mujaze, muache siku chache, mumwage, mujaze tena, mara mbili ao tatu, sababu simenti mpya inatoa chokaa inayochoma matamvua ya samaki. Mimi nilitia kwanza tilapia 5. Siku ya tatu zilikuwa zinakula vizuri, njo nikatia zile zingine.