Shravan: mwezi ambao tajiri wa duka hali sambaza

RUSIZI. Mfanyabiashara wa Kamembe anayekwenda Kigali kununua mafuta ya kula, sabuni au vitenge husafiri zaidi ya kilomita 200, akikatiza msitu wa Nyungwe. Nauli ameshalipa, na mteja wa Bukavu anasubiri mzigo ng'ambo ya mto. Akifika duka la jumla na kuambiwa tajiri yuko hekaluni, siku imepotea, na hasara ni yake.

Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Septemba, sababu inaweza kuwa Shravan, mwezi wa mfungo na ibada wa Wahindu.

Kwanza, neno lenyewe. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na Wahindi wengi wenye maduka Afrika Mashariki ni Waislamu, hasa Waismailia na Mabohora. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye watu wa pwani walimwita Baniani na kumtungia methali isiyo ya haki kuhusu kiatu chake. Anayemtakia Mbohora heri ya Shravan atachekwa.

Tarehe ndizo zinazosumbua. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Wahindu nao huhesabu kwa mwezi, lakini kila baada ya takriban miezi 32 huongeza mwezi mzima ili kalenda isiachane na majira. Mwaka 2023 nyongeza hiyo iliangukia Shravan yenyewe, mwezi ukaja mara mbili mfululizo, kuanzia 18 Julai hadi katikati ya Septemba. Isitoshe, watu wa India ya kaskazini huuanza karibu siku 15 kabla ya watu wa Gujarat. Wahindu wengi wa kanda hii wana asili ya Gujarat, kwa hiyo tarehe ya kuuliza ni ya Kigujarati.

Mfungo wenyewe haufanani na ule unaojulikana Bugarama au Kigoma. Hakuna daku wala futari ya wote. Mmoja hula mlo mmoja kwa siku, mwingine matunda na maziwa tu, na wapo wasiogusa hata maji. Wengi hufunga Jumatatu pekee, siku ya Shiva, ambapo asubuhi humiminia maziwa na maji jiwe lake takatifu. Anayetaka kujadili bei na tajiri mwenyewe basi afadhali aende Jumanne.

Siku ya kufunga, nafaka na maharage havipikwi. Mchele, ngano na mahindi vinakaa kando, na badala yake huliwa viazi, viazi vitamu, karanga, ndizi, na punje nyeupe za sabudana. Hizo India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, muhogo huohuo wa ugali wa Bukavu. Huliwa pia mbegu za mchicha, mboga ambayo Rwanda ni dodo na Kongo ni lengalenga. Huku kwetu majani yanauzwa kwa mafungu na mbegu hazina mnunuzi. Mwenye karanga safi na viazi vizuri ana la kuuza mwezi huo, hasa penye familia nyingi za Kihindu kama Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Kuna pia suala la mezani. Rusizi mapatano hufungwa kwa sahani ya sambaza na chupa ya bia. Mhindu anayeshika Shravan hali samaki wala nyama, hanywi pombe, na wengine huacha hata vitunguu na kitunguu saumu. Akikataa, wageni hudhani anawadharau au anavunja mapatano. Chai ya maziwa na ndizi mbivu zingetosha.

Siku mbili hazina Jumatatu maalumu. Mwezi unapokuwa mpevu, dada humfunga kaka yake uzi mkononi. Siku ya nane baada yake ni Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, ambapo watu hufunga hadi usiku wa manane na kukesha hekaluni. Serikali za kanda hazijaifanya sikukuu ya taifa, kwa hiyo haimo kwenye kalenda ya ukutani, na asubuhi yake duka huweza kuchelewa kufunguliwa. Baada ya hapo Shravan hubakiza takriban wiki moja.