Mchungaji na Hofu ya Wakati wa Uchaguzi

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo mafundisho yetu ya uchungaji hulipita upesi, nalo ni ile hofu inayowapata Wakristo kabla ya uchaguzi mkuu, wakati wa kungojea matokeo, na mara nyingine miezi mingi baada yake. Habari za kanisa na dola zimeandikwa sana, na wanafunzi wetu huzifanyia mitihani. Lakini mama anayekuja ofisini kwa mchungaji siku ya Jumatatu akisema hajapata usingizi kwa siku nne hakuja kuuliza mafundisho ya tawala mbili. Amekuja kwa sababu moyo unamwenda mbio, na kijana wake alitoka nyumbani siku ya kupiga kura hajarudi.

Lugha yetu inaijua hali hii vizuri. Tukisema kwamba mtu fulani "ana mawazo" hatumsifu kwa kufikiri kwake, tunasema ameelemewa. Tunasema pia kwamba ana tumbo joto, au kwamba roho iko juu. Misemo hiyo haikutungwa bure. Mtu anapoona hatari, mwili wake humwaga damuni kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa nguvu, misuli hukaza, tumbo huacha kazi yake ya kawaida, na usingizi huondoka, ili mtu awe tayari kukimbia au kupigana. Hali hiyo inafaa mbele ya chui, maana chui huondoka. Uchaguzi hauondoki hivyo. Kampeni huchukua wiki nyingi, redio haizimwi, simu inaleta habari usiku wa manane, na mwili unakaa katika mkao wa kukimbia bila kukimbia popote. Kwa hiyo waumini wetu wengi hawasemi "nina hofu". Husema kichwa kinauma, presha imepanda, vidonda vya tumbo vimerudi. Mchungaji asiyeijua lugha hii ataombea kichwa na kuiacha hofu mahali pake.

Hofu yenye sababu

Kosa la kwanza la mahubiri yetu katika majira haya ni kuiita hofu hii ukosefu wa imani. Tuwaulize Wakenya. Uchaguzi wao wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifanyika siku ya Alhamisi, na matokeo ya urais yakatangazwa jioni ya Jumapili, tarehe 30. Asubuhi ya Jumapili hiyo watu walikuwa ibadani na masikio yao yakiwa redioni. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa walichomwa moto humo humo. Baada ya hayo, ni nani atakayemwambia mama wa Eldoret kwamba hofu yake katika uchaguzi uliofuata ni ya kukosa imani? Anakumbuka, basi.

Zanzibar nako walipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye uchaguzi ukafutwa, nao ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, wapinzani wakuu wakiususia. Karibu miezi mitano watu waliishi katikati ya kura na kura. Mtu anaweza kustahimili habari mbaya kuliko kustahimili kutokuwa na habari, na kila aliyewahi kukaa nje ya chumba cha upasuaji analijua hilo.

Ya karibu zaidi ni ya Tanzania ya mwaka 2025. Siku yenyewe ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba, maandamano yalizuka Dar es Salaam na katika miji mingine. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje baada ya saa kumi na mbili jioni, na watu wakapoteza maisha. Idadi yao ilitajwa kwa namna zilizopishana sana. Hapa hatuandiki hukumu ya kisiasa. Tunasema tu kwamba katika sharika nyingi wamo watu waliokaa gizani siku zile bila kujua ndugu zao wako wapi, na kwamba mwili hausahau upesi. Mlio wa fataki siku ya arusi waweza kumrudisha mtu kule. Wenye hofu si wapinzani peke yao, wala si wale walioshindwa. Mgombea aliyekopa fedha kwa ajili ya kampeni anaogopa. Mwalimu aliyepewa kazi ya kusimamia kituo anaogopa. Mke wa askari polisi anaogopa. Huyu wa mwisho husahauliwa na wachungaji wengi kuliko wote.

Neno moja lenye pande mbili

Anayetaka kukemea hofu hukimbilia Wafilipi 4:6, mahali Mtume anapowakataza wasomaji wake wasijisumbue kwa jambo lo lote. Yafaa tusome waraka huo kwa utulivu zaidi. Kitenzi cha Kiyunani kilichotumika pale ni merimnao. Ni kitenzi kile kile kilichotumika katika sura ya 2, mstari wa 20, Paulo anapomsifu Timotheo kwamba hana mwingine kama yeye atakayejishughulisha na hali ya Wafilipi kwa moyo wa kweli. Sura moja inasifu merimna, nyingine inaikataza, katika waraka mmoja na kwa mkono mmoja. Katika 2 Wakorintho 11:28 Paulo mwenyewe anakiri kwamba ana merimna kila siku kwa ajili ya makanisa yote, wala haombi msamaha. Na katika 1 Wakorintho 12:25 viungo vya mwili vinaagizwa kuwa na merimna, kila kimoja kwa ajili ya mwenzake.

Kwa hiyo tofauti haiko katika kuwa na hangaiko au kutokuwa nalo. Iko katika njia ambayo hangaiko hilo linaichukua. Lile linalokatazwa ni lile ambalo mtu hulifungia ndani, akalizungusha usiku kucha peke yake. Ndiyo maana Paulo mara moja analifungulia mlango kwa kutaja sala, maombi na shukrani. Lile linalosifiwa limetoka nje, limemwendea mwenzake. Tukumbuke pia kwamba Paulo aliyaandika haya akiwa kifungoni, akingojea uamuzi wa wenye mamlaka, bila kujua kama atafunguliwa au atauawa. Sura ya kwanza inaonyesha wazi kwamba aliyatazama yote mawili. Huyu hakuwa mtu aliyeketi kivulini akiwashauri walio juani. Yeye pia alikuwa akingojea matokeo.

Eliya na mkate

Habari ya pili tunayowaomba wanafunzi waifundishe ni ile ya 1 Wafalme 19. Eliya ametishwa na Yezebeli, naye Yezebeli ni dola. Tishio lile ni la kisiasa kabisa, na nabii aliyesimama jana mbele ya umati mlimani Karmeli leo anakimbia, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake na kuomba afe. Tuangalie anachofanyiwa. Hakemewi. Analala. Anaamshwa, anapewa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, analala tena, anapewa tena. Neno la Mungu linamjia baadaye, huko Horebu, nalo linamjia kwa swali. Eliya anamwaga malalamiko yake. Anaulizwa tena, naye anayarudia kwa maneno yale yale, na Mungu anamwacha ayarudie. Waliokaa na watu wenye huzuni wanaijua tabia hii ya kurudia. Mchungaji mwenye haraka husema, "Hayo umekwisha kuniambia." Mwishoni Eliya anaambiwa jambo alilokuwa halijui, kwamba wako elfu saba wengine. Hofu ilikuwa imemwambia kwamba amebaki peke yake.

Usingizi, chakula, nafasi ya kulalamika, na wenzake: hatudhani kwamba waganga wa akili wa siku hizi wangekuwa na mpango mwingine wa kuanzia ulio bora sana kuliko huo.

Luther huko Coburg

Atakuwapo atakayetupinga kwa jina la Luther. Mwaka 1530, wakati wa Baraza la Augsburg, Luther alikuwa amebaki katika ngome ya Coburg, kwa kuwa adhabu ya dola ilimzuia kwenda. Melanchthon alikuwa huko Augsburg na mzigo wote wa mazungumzo, akisumbuka mno. Luther alimwandikia barua kali, akalaumu kutokuamini kwake kuliko ukubwa wa jambo lenyewe. Basi, husemwa, Luther naye aliita hofu ya siasa ukosefu wa imani.

Ndivyo alivyoiita. Lakini barua ile isomwe pamoja na nyingine za majira yale. Luther huyo huyo, barua zisipofika kutoka Augsburg, alikasirika na kulalamika kwamba wenzake wamemwacha bila habari. Alikuwa akiugua kichwa, na mwezi Juni alikuwa amepata habari ya kifo cha baba yake. Alimkaripia Melanchthon kama mtu aliye ndani ya mashua ile ile, akimwombea, akimwandikia tena na tena. Ukali wa namna hiyo rafiki anaweza kuupokea. Ukitoka mimbarani, kwa mtu ambaye mchungaji hajawahi kukanyaga nyumbani kwake, ni kitu kingine. Nasi tunathubutu kusema kwamba hata kwa Melanchthon, wingi wa zile barua ulisaidia kuliko ukali wake.

Luther huyo alitupa pia vyombo viwili tunavyoviacha kabatini. Cha kwanza ni Litania, ambayo aliirudisha katika ibada mwaka 1529, hofu ya majeshi ya Waturuki ilipotanda. Litania hutaja hatari kwa majina yake, na usharika mzima hujibu kwa sauti moja. Mtu ambaye hawezi kuombea hofu yake kwa maneno yake mwenyewe anaweza kuitikia. Cha pili ni maelezo ya ombi la nne katika Katekisimo Ndogo. Huko, katika orodha ya mkate wa kila siku, serikali njema na watawala waaminifu wamewekwa pamoja na hali njema ya hewa, afya na majirani wema. Mkulima hujua namna ya kuomba mvua: anaitaka kwa moyo wote, anatayarisha shamba, naye hadhani kwamba mvua ni mungu wake. Mwalimu wa kipaimara akilieleza ombi hilo mwaka wa uchaguzi, watoto watakwenda nalo nyumbani, ambako wazazi wao hawaongei kwa sababu baba ni wa chama hiki na mama ni wa kile.

Siku za kungojea

Basi mchungaji afanye nini? Jibu letu ni fupi kuliko maelezo yaliyotangulia: awepo. Siku zilizo katikati ya kura na matokeo ni siku za kutembelea nyumba kwa nyumba, hasa za wajane, wafanyabiashara wenye maduka barabarani, na familia za wagombea na askari. Pale ambapo ni salama, kanisa liwe wazi saa za mchana, pasipo hotuba. Amri ya kutotoka nje ikiwapo, wazee wa kanisa wajulikane mapema, kila mmoja na nyumba zake za jirani anazoweza kuzifikia kwa miguu, maana simu zaweza kunyamaza.

Kuhusu habari, twawashauri waumini wachague saa moja au mbili za kuzisikiliza, wasizisikilize kitandani, wala mbele ya watoto wadogo. Mchungaji mwenyewe asipeleke kwenye kundi la simu la usharika taarifa asiyojua chanzo chake, hata ikiwa inaonekana ya kweli, hata ikiwa imetoka kwa mchungaji mwenzake. Neno lake lina uzito usio wake. Mwaka 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Mwenye hofu alipomtazama mchungaji wake, alikuwa amemwona kwanza kabila lake na chama chake.

Wako wale ambao sala na matembezi hayatawatosha. Mtu ambaye wiki kadhaa baada ya uchaguzi bado halali, anashtuka kwa kila mlio, hawezi kufanya kazi, ameanza kunywa pombe kuliko zamani, au anasema ni afadhali afe, apelekwe hospitali, na mchungaji afuatane naye mpaka mlangoni kwa daktari. Kumpeleka huko ni sehemu ya uchungaji, kama vile mkate ulivyotangulia neno huko jangwani.

Mwisho, mchungaji naye ana tumbo joto. Amepokea mgombea mmoja aliyeomba kuombewa mbele ya usharika, na mwingine aliyekasirika kwa kutokuombewa. Wachungaji wa jimbo moja wapatane mapema ni nani atakayemtembelea nani, na Mkuu wa Jimbo ajue orodha hiyo. Mapatano hayo yafanyike kabla ya kampeni kuanza, kwa sababu zikishaanza, kila mchungaji huwa amekwisha kuwekwa na watu upande fulani, apende asipende.