Densiti ya Mafuta ya Alizeti Bila Mizani

Kandokando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, mafuta ya alizeti huuzwa kwa chupa na madumu, yaani kwa lita. Mbegu na mashudu huuzwa kwa kilo. Anayetaka kujua gunia limemlipa kiasi gani hana budi kuhamisha lita ziwe kilo, na daraja lake ni densiti. Kwa alizeti ni takriban gramu 0.92 kwa mililita katika nyuzijoto 20, hivyo dumu la lita 20 hubeba kilo 18.4 hivi.

Namba hiyo imepimwa. Je, ingepatikana kwa fomula ya kemikali peke yake?

Mwaka 1994 mkemia wa Marekani, Gregory Girolami, alichapisha kanuni inayotosha nyuma ya bahasha. Kila haidrojeni hupewa pointi 1, kila kaboni au oksijeni pointi 2. Jumla huzidishwa kwa 5, kisha uzito wa molekuli hugawanywa kwa jibu hilo. Heksani, ambayo viwanda vikubwa hutumia kutoa mafuta yaliyogoma kutoka kwenye mashinikizo, ina kaboni 6 na haidrojeni 14: pointi 26, mara 5 ni 130. Gawanya 86.2 kwa 130, unapata 0.66. Maabara nayo husema 0.66.

Sasa ijaribu kwa trioleini, mojawapo ya molekuli za mafuta ya alizeti: kaboni 57, haidrojeni 104, oksijeni 6. Unapata 0.77, wakati kipimo halisi ni kama 0.91. Kanuni imeanguka vibaya. Ncha za minyororo ya kaboni hula nafasi kubwa. Molekuli fupi zina ncha nyingi kwa kila gramu, ndefu zina chache, na pointi za Girolami hazioni tofauti hiyo.

Hata hivyo mwelekeo iliupata. Trilinoleini, molekuli nyingine ya mafuta hayo yenye haidrojeni 6 pungufu, hutoka 0.79, na kweli ni nzito zaidi. Alizeti inayokomaa kwenye joto kali huwa na asidi ya oleiki (ya trioleini) nyingi na ya linoleiki (ya trilinoleini) kidogo, kwa hiyo mafuta yake huwa mepesi kidogo. Ila tofauti yenyewe ni ndogo: kuliacha dumu lipate joto kutoka nyuzi 20 hadi 35 hupunguza densiti kwa takriban 0.01, sawa na gramu 200 kwa lita 20. Jua la mchana linaweza kufunika tofauti yote ya aina ya mbegu.

Programu za kompyuta ni makini zaidi. T.E.S.T., inayotolewa bure na shirika la mazingira la Marekani, ina njia inayotafuta kemikali tatu zinazofanana zaidi na yako kwenye hazina yake, kisha huchukua wastani wao. Mimi huanza kwa kuwatazama hao ndugu watatu kabla ya jibu. Wakiwa wa mbali, jibu halina mashiko.

Mwenye mashine ya kukamua haihitaji programu hiyo: mizani na chombo cha mililita 100 vinamtosha. Inamfaa mkemia mwenye miligramu chache za kemikali mpya, anayetaka kujua itaelea au itazama ikitenganishwa na maji. Programu ikisema 1.3, atafute tabaka la chini. Ikisema 0.98, karibu mno na maji, asimwage tabaka lolote.